Mstari wa Pili Kwenye Ramani

Jumatatu, 1 Septemba
Vidonge vitano, uji, kitanda. Binti yangu Zaina amenigeuza upande wa dirishani. Miguu imevimba tena. Nimemwambia atume mtu Tongoni, amwite Salehe. Salehe gani, akauliza. Yule fundi wa kompyuta aliyefukuzwa hospitali. Sikueleza zaidi. Naogopa.

Jumatano, 3 Septemba
Naandika, maana pumzi ya kusema haitoshi.
Mtandao wa hospitali niliusanifu mimi. Kompyuta kuu mbili, majengo mawili, zikifanya kazi sambamba. Moja ikifa, ya pili inabeba wagonjwa wote. Waya za kuziunganisha zilitakiwa zipite njia mbili, ili moja ikikatika, nyingine ibaki. Njia ya pili ilipita kando ya makaburi ya zamani. Wazee wa mtaa walitaka isomwe hitima kwanza. Niliona ushamba. Mimi msomi. Nikazifukia waya zote katika mtaro mmoja, na kwenye ramani nikachora mistari miwili. Nikatia saini.

Ijumaa, 5 Septemba
Msikitini sikwenda. Siwezi.
Wachimbaji wa bomba la maji walizikata waya zote mbili asubuhi moja. Kila kompyuta ikadhani mwenzake amekufa, ikaendelea kuandika peke yake. Siku nzima tulikuwa na madaftari mawili ya wagonjwa yasiyojuana. Mama mmoja alichomwa sindano ambayo daftari la jengo la pili lilisema haimfai. Hakuamka. Salehe ndiye aliyekuwa zamu. Ikasemwa amechanganya kumbukumbu. Nilikuwamo katika kikao kilichomfukuza. Nilinyamaza.

Jumapili, 7 Septemba
Salehe amekuja. Kichwa chote mvi.
"Shikamoo, mwalimu."
Nimemwambia yote. Nimemwomba radhi. Alitazama mikono yake.
"Nilijua siku ile ile," akasema. "Niliingia mtaroni kuziunga. Nikazikuta zimelala pamoja kama mtu na mkewe."
Nikamuuliza mbona hakusema.
"Wangeamini ramani yako."
Radhi hakunipa. Alisema waanze kunisamehe watoto wa yule mama. Akaniuliza jina lake. Sikulijua. Miaka yote hiyo, sikuwahi kuuliza. Yeye analijua. Mwanahamisi.

Jumanne, 9 Septemba
Zaina ameitoa ramani sandukuni. Nimeukata mstari wa pili kwa kalamu. Chini yake nimeandika: waya haikupita hapa, nilidanganya. Jina langu. Kisha jina la Mwanahamisi.
Kesho Salehe ataichukua, aipeleke kwa watoto wa Mwanahamisi.
Uji umenishinda. Ramani iko mezani. Ina mstari mmoja.