Kuambiwa Umenenepa Ugenini

Mjukuu wangu Editha,

Pokea salamu za hapa nyumbani Katandala. Ulezi umeshavunwa na mama yako ni mzima, ila picha uliyotuma, ukionekana umekonda, imemnyima usingizi. Nimekabidhiwa jukumu la kukujibu mimi, bibi yako kwa ukoo ingawa tumepishana miaka michache tu, kwa kuwa nilikutangulia kusoma huko Ulaya.

Umeuliza kwa nini watu wa nyumbani wanauzungumzia mwili wako, ilhali huko hakuna anayethubutu. Nilipokuwa nasomea shahada ya pili, nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Aliporudi kutoka likizo nilimpokea kwa furaha: "Mama, umenenepa kweli, umependeza." Aliingia ndani na kufunga mlango. Niliogopa kwamba angenifukuza, nami sikuwa na pengine pa kulala.

Asubuhi nilimweleza kwamba kwetu Ufipa hiyo ni pongezi kwa mtu anayetunzwa vizuri.

"Nilikasirika," alisema. "Kisha nikawaza kwamba tangu mume wangu afariki, hakuna aliyenitazama akaona nimebadilika. Kaa, tunywe chai."

Kwa hiyo mama yako akipiga tena na kusema, "Umekonda, mwanangu, huko hawakupi ugali?" tafadhali usimkatie simu. Hapo anauliza kama kuna mtu anayekuangalia. Hofu hiyo ninayo hata mimi niliyesoma, na siwezi kuificha kwa maneno mazuri.

Editha, huko unakula na nani?

Bibi yako,
Skola