Sekunde Thelathini na Nane

11 Februari

Kitinda,

Hujambo? Sisi tunapumua, na wanasema anayepumua hana haki ya kulalamika, ila mimi nitalalamika hivyo hivyo. Shemeji yako mgongo umetulia kidogo. Wapwa zako wanakula kama mchwa. Wewe je, kile kikohozi kimeondoka au bado unakibembeleza?

Nikueleze ya kazini. Unakijua chumba chetu: meza sita, hedifoni sita, na ile mashine kubwa kwenye kijichumba cha nyuma inayopokea simu zote za dharura na kutugawia. Wiki hii imegoma mara tatu. Ikigoma lazima niizime na kuiwasha upya, na kuwaka kwake ni dakika kumi na moja. Inajikagua hiki, inajikagua kile, kama bibi harusi mbele ya kioo. Muda wote huo nageuza swichi ya ukutani, simu zinaangukia kwenye simu mbili za zamani za mezani, na tunaandika kwa mkono, watu wawili tukifanya kazi ya sita. Jumanne mtu mmoja alikata kabla hatujamfikia. Hatumjui ni nani. Mama Pacha, anayekaa mkono wangu wa kulia, alishinda akijiuliza kama alikuwa mzee au mtoto.

Mashine ikianza kuwaka inaandika jina la mfumo wenu, huo mnaoutengeneza huko kazini kwako. Nimeliona kwa macho yangu. Sasa wewe mwenye mfumo, kweli mmeshindwa kuifanya iamke kama viumbe wengine?

Dada yako

2 Machi

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, kikohozi kimenihurumia. Nina chumba kipya kinachotazamana na ukuta, kwa hiyo hali ya hewa naijua nikifika kazini tu. Mgongo wa shemeji mwambie namwombea.

Usinikasirikie: barua yako niliisoma mbele ya kikao. Kazi ya kuharakisha kuwasha upya nimeiomba mara mbili, bosi akasema hakuna mteja anayeililia. Nikamsomea habari za yule aliyekata simu. Akasema, "Haya. Lakini miezi minne, si siku moja zaidi."

Jambo lenyewe ni hili. Mashine ikiwashwa upya, mfumo wetu unakufa na kuirudisha mashine kwa programu ya kiwandani, ndiye huyo bibi harusi wako. Sisi tunataka kumruka. Mfumo unaokufa utamlaza mrithi wake, yaani nakala mpya ya mfumo, kwenye kumbukumbu mapema, kisha utamkabidhi usukani mkono kwa mkono, bila ukaguzi. Ugumu ni zile kadi zilizochomekwa ndani ya mashine, ya mtandao, ya diski na kadhalika. Kila moja lazima iamriwe inyamaze kabla ya makabidhiano. Isiposikia, itaendelea kumwaga data mahali ambapo sasa ni pa mrithi, na mrithi atakufa hata macho hajafumbua. Na kila aina ya mashine ina kadi zake, na kila kadi ina ukaidi wake. Tuna aina tatu. Yenu ni ya tatu, nzee kuliko zote. Kitabu chake cha maelezo kina kurasa zilizochanika, na waliokiandika wameshastaafu.

Nitafika kwenu, Dada. Nipe muda.

Mdogo wako

30 Juni

Dada, shikamoo.

Nisamehe ukimya huu. Nimekonda. Wenzangu wananiuliza kama nafunga, nawaambia nasahau tu. Natumaini nyote hamjambo.

Aina ya kwanza ya mashine ilikubali mwezi wa tatu. Ya pili ilinitoa jasho, kadi ya diski haikutaka kuachia, lakini mwishowe ikaachia. Hii yenu ilinilaza kwenye sakafu ya maabara. Kuna siku niliongea nayo kwa sauti, mfagiaji akanichungulia akarudi zake.

Basi imewaka. Sekunde thelathini na nane, kutoka kuzima hadi kupokea. Nimeiwasha na kuizima mara mia mbili na kumi na nne. Nimesaini fomu ya majaribio leo mchana, siku mbili kabla ya muda wa bosi kwisha. Mtaipata na maboresho ya mwezi ujao.

Nilidhani nitafurahi. Nimechoka tu.

Mdogo wako

8 Agosti

Kitinda wangu,

Marahaba, na marahaba tena! Sisi wazima. Wewe kula, usije ukarudi huku tukakutundika kama koti.

Imekuja. Fundi aliiweka Jumatatu, tukaijaribu. Nilishika saa mkononi. Thelathini na nane! Chumba kizima kilipiga makofi, hata yule mzee wa zamu ya asubuhi ambaye hajacheka tangu azaliwe. Mama Pacha akasema, "Huyo mdogo wako akija, nitambusu mbele ya mume wangu, na mume wangu atashika begi." Simu za mezani tumezifungia kabatini, zilikuwa zinatubania nafasi tu. Meneja aliuliza kama ni salama. Nikamwambia, mimi ndiye msimamizi wa zamu, na aliyeitengeneza nimemlea kwa mikono yangu.

Najivuna nawe. Sikuambii mara nyingi.

Dada yako

5 Oktoba

Kitinda,

Sisi wazima wa mwili. Salamu zitaishia hapo.

Jumatano iliyopita, saa sita na robo mchana, lori lilipinduka barabara kuu. Simu zikamiminika, mashine ikaanza kuzubaa. Nikaingia kijichumba cha nyuma nikaiwasha upya. Swichi sikuigeuza. Kwa sekunde thelathini na nane, nani ageuze swichi? Nikahesabu hadi arobaini. Nikahesabu hadi mia. Skrini nyeusi. Nikaizima tena, nikaiwasha, nikasubiri, nyeusi. Nikageuza swichi, lakini simu za mezani ziko kabatini na mwenye ufunguo yuko kula. Tulivunja kabati kwa mguu wa kiti. Dakika ishirini na tatu, Kitinda.

Ndani ya dakika hizo mafundi wawili wa vioo walikuwa wanapachika kioo cha duka, kikapasuka, kikamkata mmoja juu ya kiwiko. Mwenzake alitupigia mara kumi na moja. Orodha kwenye simu yake tumeiona.

Aliyekatwa ni mume wa Mama Pacha. Na Mama Pacha muda wote huo alikuwa amekaa mkono wangu wa kulia, hedifoni masikioni, akisubiri skrini iwake.

Tumemzika jana.

Kuna kamati. Naitwa tarehe ishirini. Wanauliza kama mashine ilikuwa na kasoro au ni mimi. Nimekupigia mara nyingi hupokei. Nakuuliza kama dada yako: hiki kitu mlikijaribu sawasawa? Kuna lolote ulilolijua?

Dada yako

8 Oktoba

Dada, shikamoo.

Mpe pole Mama Pacha, ingawa najua pole yangu haina pa kukaa.

Simu sipokei kwa sababu siwezi kuongea sasa. Kuhusu swali lako: kwenye maabara tuliiwasha mara mia mbili na kumi na nne. Fomu ipo, ina sahihi yangu. Waambie hivyo.

Mdogo wako

22 Oktoba

Kitinda,

Natumaini unakula.

Kikao kilikuwa juzi. Watu watano na meza ndefu. Niliwaambia kama ulivyoniandikia, mia mbili na kumi na nne. Mwenyekiti akauliza, "Huyo ndugu yako unamwamini?" Nikasema, "Huyo akiwa na shaka ya punje ya mchele, hasaini." Nilisimama kabisa nikiyasema hayo.

Mwenyekiti akafunga faili. Akasema, "Basi kama mashine ilijaribiwa kiasi hicho, kasoro si ya mashine. Ni ya aliyeacha swichi." Nikaona nilivyojifunga kamba kwa mikono yangu, ila sikubisha. Ni kweli swichi sikuigeuza. Ni kweli simu nilizifungia mimi.

Nimeondolewa zamu. Nipo stoo, nahesabu masanduku ya fomu. Mama Pacha ameacha kazi. Tulikutana sokoni, akanisalimia vizuri, na huko kunisalimia vizuri ndiko kulikoniliza.

Wewe usijilaumu. Ulifanya kazi yako.

Dada yako

9 Novemba

Dada,

Barua yako imekaa mfukoni wiki mbili na nusu. Hapo uliposema nisijilaumu pamefutika kwa jasho.

Mara ya mia na sabini na tatu haikuwaka.

Ilikuwa mchana. Mwenzangu alikuwa anahamisha mafaili makubwa kupitia mtandao wa maabara, ile kadi ya mtandao ikawa imezidiwa na kazi. Nikatoa amri ya kuwasha upya, skrini ikabaki nyeusi. Nilijua. Nilihisi papo hapo kwamba kadi ikiwa na shughuli nyingi haisikii amri ya kunyamaza. Lakini mafaili yalishakwisha, mtandao ukatulia, nikarudia mara arobaini na moja na kila mara ikawaka. Zilibaki siku mbili. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika matatizo. Niliandika neno moja: "Haikujirudia." Nikasaini.

Maabara yetu ni kimya, Dada. Hakuna anayepiga simu huku. Kwenu, mchana wa ajali, kadi ile haikupumzika hata kidogo.

Uliponiuliza, jibu lilikuwa mkononi mwangu. Nilikuandikia idadi kwa sababu idadi haikuwa uongo.

Baada ya barua yako niliirudia kazi ile. Nimepata dawa yake. Ni mistari mitano: iambie kadi inyamaze, kisha isubiri ijibu, isipojibu ikatie umeme. Ilinichukua mchana mmoja. Nimempelekea bosi fomu na kumweleza yote. Aliitazama akasema, "Moja kati ya mia mbili na kumi na nne? Hata mashine mpya hazina rekodi nzuri hivyo." Akaniambia nikapumzike. Nimeacha kazi.

Nimeambatanisha fomu. Ipeleke kwa kamati. Waambie ni mimi.

Mdogo wako

30 Desemba

Kwako,

Wapwa zako wamefunga shule, hawajambo. Shemeji yako anaendelea.

Fomu niliipeleka. Mwenyekiti aliisoma akiwa amesimama mlangoni, hata kiti hakunipa. Akasema faili limeshafungwa, na kwamba karatasi iliyoletwa na ndugu wa mhusika hawawezi kuipokea. Ningeiwahisha kabla ya tarehe ishirini, akasema, lingekuwa jambo jingine.

Nikaona sina haki ya kukaa nayo peke yangu. Nikaenda kwa Mama Pacha. Ilikuwa asubuhi, anafua, pacha wake wanamkamulia nguo. Nikamsomea. Alifuta mikono kwenye kanga, akataka aishike mwenyewe.

"Waliiwasha mara ngapi?"

"Mia mbili na kumi na nne."

"Ikakataa ngapi?"

"Moja."

Aliikunja fomu pale pale ilipokuwa imekunjwa. Kisha akanirudishia karatasi, kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

"Na mimi," akasema, "nilikuwa naye mmoja."

Nilikwenda nikiwa nimepanga maneno ya kukuombea msamaha. Niliyameza yote. Nilimsaidia kuanika zile nguo zilizobaki, nikaenda zangu.

Ile moja kati ya mia mbili naweza kuielewa. Hata mimi siku ile nilichoka, nikaacha swichi. Mtu huchoka. Ila tarehe tano nilikuuliza, mimi, si kamati wala bosi wako, ukanijibu kwa hesabu. Nikaenda kusimama mbele ya watu watano nikaapa kwa ajili yako.

Usiniandikie kwanza. Ukiandika nitafungua, najijua, na bado siwezi kukusoma nikaamini kilichoandikwa.

Dada yako