Adui Apigwe Sawasawa

Ara, 3 Februari 1978

Mwanangu Baleshwar,

Salamu. Mimi mzima, mama yako mzima nusu, dada yako Sudha hali chakula tangu Jumapili. Hali yako nitaiuliza ukishanijibu haya.

Picha yako imefika hapa mjini. Ulituambia unafanya kazi ya sinema, hukusema kazi yenyewe ni kumburuta binti wa watu kwa nywele! Ukumbi mzima ulivua viatu ukakutupia. Jagdamba Babu, baba wa mchumba wa Sudha, alikuwepo. Kesho yake akaja kuvunja posa mbele ya majirani, akaniambia: "Tiwariji, mwanangu haoi katika nyumba iliyozaa mnyama." Nikamwambia ni maigizo tu. "Maigizo? Na yale makofi aliyompiga binti je?" Wahuni wa sokoni nao wamempasua mama yako paji la uso kwa jiwe. Kashonwa nyuzi nne.

Kinachomuuma Jagdamba zaidi ni kwamba picha imeisha nawe umetoroka. "Angalau angekufa," anasema.

Babuji wako

Bombay, 20 Februari 1978

Babuji,

Nawagusa miguu kwa heshima, wewe na Amma. Mimi sijambo, mbavu tu zinauma. Nimelia kwa ajili ya paji la Amma. Yule binti niliyemburuta ana watoto wawili, Babuji, na mchana ule tulikula sahani moja.

Basi sikiliza. Nimemwomba mwongozaji aniue katika picha mpya. Masta wa mapigano kanishangaa: "We Balu una wazimu? Wenzako wanaomba waishi waongezewe siku za kazi!" Stelingi atanitwanga kupitia vyumba vitatu, kisha nidondoke kutoka ghorofa ya tatu juu ya maboksi matupu. Nimesema anipige ngumi za kweli, na kamba ya usalama sifungwi, kwa sababu kamba huonekana. Tunapiga picha kesho Jumanne. Mwambie Jagdamba Babu akakate tiketi.

Mwanao, Balu

Ara, 4 Septemba 1978

Balu mwanangu,

Hujambo? Hii ni barua ya tano, hujajibu hata moja. Nilidhani umeninunia.

Picha imekuja Ijumaa. Jagdamba kakaa ubavuni kwangu. Ulipopigwa, damu ikikutoka puani, watu walipiga miluzi, wakarusha sarafu. Mimi, baba yako, nilipanda juu ya kiti nikipayuka: "Mpige! Muue!" Ulipoanguka Jagdamba alinikumbatia. "Kapigwa sawasawa! Harusi ipo."

Mama yako hakupiga makofi. Njiani akasema, "Ile sauti si ya Balu."

"Ya nani basi?"

"Sijui. Midomo yake inasema Amma. Sauti inasema mengine."

Nikamwambia amechoka. Jumamosi tukarudi, tukakaa safu ya mbele. Ni kweli. Midomo inasema Amma, kisha shingo inalala upande, na mkono hausogei tena. Nikapanda kwa mwendesha mashine ya sinema. Akaniambia sauti hutiwa kwenye picha miezi baadaye, na mwigizaji mwenyewe ndiye huitwa kuisema. "Akisemewa na mwingine, mzee, ujue mwenyewe alishindwa kuja." Hakuniangalia usoni. Chini ukumbi ulikuwa bado unashangilia.

Sudha amekataa harusi. Jagdamba nimemfukuza kwa fimbo, lakini nani atanifukuza mimi?

Tarehe 14 napanda treni ya Bombay. Kama u hai, hata kwa magongo, njoo stesheni. Usipokuja nitamtafuta huyo masta anionyeshe walipouchomea mwili wako.

Babuji wako, niliyeshangilia