Zamu Yangu Katika Sala Zako

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Vipi miguu yako, na macho je? Natumaini mvua imekukuta shamba limeshasafishwa. Sisi huku Tanga tunapumua tu, na leo sitakupambia maneno.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma na kuirudia nikitafuta mahali uliponiuliza hali, sikupaona. Karatasi nzima ni Mjomba: mguu wa Mjomba umevimba, Mjomba hapati usingizi, na mimi nimtangulize Mjomba katika sala zangu kabla ya kujiombea lolote, ndipo moyo wangu utatulia.

Mama, kweli? Mjomba?

Najua kwetu mjomba ndiye mwenye sisi. Baba alipofariki wapwa zake walichukua mikorosho yake, hatukulalamika, ndiyo mila. Tukabaki na ile ya kwako, na msimamizi akawa kaka yako. Msimu ule wafanyabiashara binafsi walipoanza kuingia kwetu Lulindi na malori yao, korosho zetu zote alizipakia yeye. Mimi nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari. Nilipomwomba ada alinijibu pale barazani, nawe ukiwepo: "Mwali aliyekwisha kuchezwa unyago anataka shule ya nini?" Nyumba yake ya Chiungutwa ikaezekwa bati. Mimi nikaja huku kusokota kamba za mkonge.

Kesho yake alfajiri, baada ya jibu lile la barazani, ulipiga magoti ukasali kwa sauti, kama kawaida yako, kwa kufuata ukubwa: askofu, padri, Mjomba, wana wa Mjomba, kaka zangu. Nilikuwa nimelala chumba cha pili nasubiri. Kengele ya Misa ikalia, ukainuka ukaenda kabla hujanifikia. Iliniuma kuliko ile ada.

Sasa nikupe habari zangu, maana hukuuliza. Kiwanda kimeuzwa, na mwenye mali mpya ametuondoa sisi wa zamani wote. Nauza uji nje ya geti lilelile nililokuwa naingilia kazini. Na titi langu la kushoto lina uvimbe. Jumatatu ya wiki ijayo napasuliwa. Siku hizi hospitali unakwenda na glovu zako na uzi wako wa kushonea, kama unampelekea fundi kitambaa. Naogopa, Mama. Naogopa sana.

Hata hivyo nilijaribu kukutii. Kila nikisali nilianza na mguu wa Mjomba, na kila nikisema amina kifua kilikuwa kinawaka. Mama Yeremia, mjane ninayepanga kwake, akanisikia.

"Mwanangu, mbona unamzungusha Mungu?" akaniuliza. "Mwambie kinachokuuma. Kwani hakijui?"

Nikaona haya, maana tangu utoto sijawahi kuanza na mimi. Nikataja jina langu. Nikasema naogopa kisu, nikasema Mjomba simpendi, nikasema na wewe nimekukasirikia. Nililia mpaka kanga ikalowa. Kisha moyo ukatulia, Mama, ukatulia kabisa, nikakaa pale sakafuni sitaki kuinuka. Uvimbe ulikuwapo palepale na hasira haikuisha yote, lakini nilikuwa na amani ambayo sikuwahi kuipata kwa kumtanguliza mtu.

Mjomba sijamtupa. Nimemweka wa tatu, baada yangu na Mama Yeremia. Hapo usijaribu kumsogeza.

Nisalimie wifi Esta na wanawe, kaka Danieli ambaye haandiki, na bibi mzaa Baba kule Newala, mwambie bado namkumbuka. Msalimie na Mjomba. Mguu namwombea, na hilo nasema kweli.

Barua hii anakuja nayo jirani yangu anayekwenda msibani Masasi, kwa hiyo utaipata kabla ya Jumatatu. Nina ombi moja tu. Siku hiyo alfajiri anza na mimi. Kabla ya askofu, kabla ya kaka yako. Tena useme kwa sauti, majirani wasikie kwamba na wewe unaye binti.

Ni mimi, mwanao wa kuzaa,
Agnesi