Mabaka ya Kila Jumapili

Mpendwa mshauri Maame Dufie, naomba msaada, ila kwanza umma wa Kumasi utangaziwe rasmi kwamba Jumapili iliyopita mimi Siaw Boadu, mwalimu wa kwaya, mwenye miaka hamsini na mitatu na kitambi kinachonizidi umri, nilipiga mswaki fizi zikatoka damu. Tangu mwezi wa tatu kila Jumapili naamka na mabaka ya zambarau mikononi, na dada yangu Birago alipoyaona akamfuata mke wangu Konadu jikoni, “Wifi, kaka yetu unampiga na mchi wa kutwangia fufu au na nini?” Konadu akajibu, “Mchi ninao mmoja, na huyu anataka fufu kila siku. Nitampigia saa ngapi?” nikacheka peke yangu, na sasa ukoo umemwita Konadu Jumamosi ajieleze. Daktari anasema chembe za kugandisha damu zimeniishia, nina elfu tisa wakati mtu mzima huanzia laki moja na nusu, na anahisi mwili wangu umetengeneza kingamwili za kuziua, wakazipima wasizione, akaniuliza natumia dawa gani nikasema situmii, na ni kweli, isipokuwa kila Jumamosi baada ya mazoezi napitia kwa rafiki kunywa akpeteshie, gongo yetu, ndani ya soda chungu ya toniki, na mwaka jana nilishuhudia mbele ya kanisa zima kwamba pombe nimeacha. Niseme, au nisubiri chembe zirudi zenyewe?

Mwalimu Siaw, pole. Pole iliyobaki ni ya Konadu.

Uchungu wa soda hiyo ni kwinini, na kwinini ni dawa hata ikija na gesi. Nimemuuliza mtu wa maabara: kuna kingamwili zinazoshika chembe pale tu kwinini ikiwepo. Wasipoitia kwenye kipimo hawazioni, na hawawezi kuitia kama hawajui unainywa. Kwa hiyo majibu yale hayakukusafisha. Mwenye elfu tisa anaweza kuvuja damu kichwani akiwa amekaa tu, nawe unalinda sifa zako za kanisani huku mkeo akiitwa mpigaji. Huoni haya?

Rudi kwa daktari leo hii, pamoja na Konadu. Taja kila unachotia mdomoni, mizizi na dawa ya kichwa pia. Toniki usiiguse tena maisha yako yote. Na Jumamosi uanze kusema wewe.

Maame Dufie, kilichotokea ni hiki. Kwa daktari nilitaja toniki tu, mpaka Konadu aliposema, “Na ulichochanganya nayo, baba?” Walitia kwinini kwenye kipimo, kingamwili zikaonekana. Jumamosi nilisema yote mbele ya ukoo, kwa sauti ndogo ambayo ningemtoa nayo mtu kwenye kwaya. Birago aliomba radhi, Konadu akampa. Mimi aliniambia angenipa kama ningesema kabla hajaitwa, kisha akaenda kwa mama yake, mjini Mampong. Leo ni wiki ya pili. Chembe zimefika laki mbili, na nyumbani niko peke yangu.