Ile Taa ya Kule Juu Haiko ya Mama

Kazi mbili (Jumanne), 4 novemba 2025

Leo tena! Mama alitoka inje alfajiri na birika yake ya udu, akarudia mbio kuniamusha. "Riziki, lamuka, ukuye kuona!" Nilitoka bila viatu. Taa tatu, kule juu, upande wa kambi ya basoda, ya jeshi. Hakuna kelele. Hakuna moshi. Zilisimama pamoja, halafu zikaruka juu kama jiwe muntu alitupa — na kwisha. Mama asema yeye amekwisha kuziona mara mingi. Minyi ni mara yangu ya kwanza.

Ku soko kila muntu iko na yake. Mama wa kuuzisha sombe, majani ya muhogo, asema nyota ilikatika. Muuzishaji wa unité ya telefone asema ni Bazungu banatafuta madini kutoka juu. Muzee mumoja asema, ile? Ile ni ndege ya baloji, bale bachawi, banasafiriaka usiku. Nilicheka! Nilikuwa nafunga samaki yangu ya kuuzisha, ya kutoka Kinkondja, mu gazeti, nacheka.

Nilimutumia Yusufu message. Yusufu ni mudogo wangu, ananiitaka Yaya, dada mukubwa; ni kaporali mule mule mu kambi. "Ile taa ni nini?" Akajibu: "Yaya, lala." Eti lala. Saa sita ya muchana!

Kazi ine, 6 novemba

Jeep ya kambi iliingia mu avenue yetu. Major mumoja, miwani nyeusi, na basoda babili. Enquête, basema, uchunguzi. Bakakamata telefone ya vijana bote balipiga video. Hakuna kurudisha.

Bakaingia kwetu. Major akamuuliza Mama: "Weye mama, unafanyaka nini inje saa ile?"

Mama: "Ninachota maji ya udu. Ninaswali."

"Kila siku?"

"Kila siku, tangu mbele weye uzaliwe."

Alimuangalia kama muntu anaangalia mwizi wa kuku. Hakuuliza taa ilikuwa na rangi gani. Hakuuliza inaenda wapi. Aliuliza tu: unafanyaka nini inje. Na bajirani bote pa lupango, mu kiwanja yetu, shingo ndefu, banasikiliza. Jeep ilienda, lakini ile ulizo ilibaki hapa. Mama Talitha wa pembeni, rafiki yetu, alinitania: "Lakini kweli, mama yako anaamukaka saa ya wachawi!" Tukacheka bote. Lakini kicheko yangu ilikuwa fupi.

Posho (Jumamosi), 8 novemba

Sasa ni zamu ya bacivil, baraia. Commission kutoka Lubumbashi! Profesa Mbiya, na bwana mumoja wa mambo ya ndege, na mashini ya miguu tatu ya kuangalia juu. Viti vya plastiki mu lupango ya shefu wa quartier, mukubwa wa mutaa, Shefu Mwepu. Bantu balijaa.

Profesa ni muntu muzuri. Njo ile inaniuma zaidi. Anaongea pole pole, anasema "mama" na "papa" na heshima. Akaomba kila muntu aonyeshe na mukono: taa ilitoka wapi? Aka! Mumoja anaonyesha kanisa, mwingine anaonyesha choo ya shefu. Mama yangu peke yake: "Inatoka pale juu ya tangi ya maji. Inapita munara ya telefone. Inasimama. Inapanda." Profesa akamufunga macho na kitambaa, akamuzungusha, akamuuliza tena. Mama akanyoosha kidole pale pale!

Profesa akapiga makofi. Akasema mbele ya bote: "Huyu mama njo shahidi wetu wa kwanza! Iko na macho kupita siye bote!"

Oo, Profesa. Weye mwana wa Kasai, haujui? Kwenu habasemaka vile? Halafu muntu kule nyuma, sauti chini: "Macho ine."

Macho ine. Mbili ya muchana na mbili ya usiku. Kila mutoto hapa anajua ni nani iko na macho ine: muloji.

Mama hakusikia. Alikuwa anatengeneza mutandio yake, anacheka kidogo, amefurahi. Hakuna muntu alimupigiaka makofi tangu Baba afe.

Siku ya Mungu, 9 novemba

Mujukuu wa Mama Talitha, kale kadogo Ariel, iko na moto mu mwili. Mama akapika chai ya tangawizi, tukapeleka. Mama Talitha hakufungua. Aliongea kwa dirisha: "Muache kwanza, musiingie." Nilifikiri anaogopa tuambukizwe. Mupumbavu minyi, ni Mama njo anaogopa!

Huyu ni mama anayeshikaka funguo yetu tukisafiri. Idi haijaanza kama hajafika na sahani yake.

Kazi tatu, 12 novemba

Nimekasirika mupaka kalamu inatoboa karatasi.

Asubui, communiqué, tangazo ya kambi, mu radio. Hakuna chombo yoyote ya jeshi iliruka. Juu kulikuwa wazi. Bantu baache uvumi. Na nukta.

Nyuma ya muchana, Profesa naye akasoma yake kwa Shefu Mwepu. Si nyota. Si ndege ya kampuni yoyote, balipiga telefone kila fasi. Si baluni. Si satellite. Akatoa miwani, akasema vizuri, kama padri: "Objet non identifié, kitu haijulikani ni nini." Akashukuru bantu ya Kamina. Akapanda gari. Vumbi.

Shefu akasimama kutafsiri, kwa Kiluba na kwa Kiswahili, sababu bazee basikie. "Basoda basema si yao. Basayansi basema si nyota, si ndege. Basi..."

Akaishia pale. Basi! Hakukuwa lazima amalize. Vichwa vyote viligeuka polepole upande wa mutandio ya mama yangu.

Mulisoma yote ile sababu gani? Mumoja anafunga mulango hii, mwingine anafunga mulango ile, na mwenye kubaki mu chumba ni muzee mumoja na birika yake! Kama munasema hamujui, museme basi hamujui NINYI. Musiende na gari mukituachia ile neno hapa, siye tulale nayo.

Ijumaa, 14 novemba

Siku tatu sijauzisha samaki. Leo mama mumoja alichukua, akanusa, akauliza: "Ya nani hii?" Anajua ni ya nani. Anakulaka samaki yangu tangu harusi yake. Akarudisha, akapangusa vidole mu liputa, kitenge yake.

Na pa mulango yetu muntu aliandika na makala, makaa ya jiko, herufi kubwa: AÉROPORT YA BALOJI, uwanja ya ndege ya bachawi. Nikapangusa na maji, na sabuni, na mate yangu. Mama hajui kusoma herufi ya Kizungu, anasomaka ya Kurani. Akauliza inasema nini. Nikasema: "Banauzisha makala, Mama." Akasema: "Uulize bei." Nilienda kulilia mu choo.

Yusufu alikuya nyuma ya swala ya Ijumaa. Nilimungojea aanze kukula bukari, ugali yake, nikafunga mulango ya jikoni.

— Sema. Ile taa ni nini?

Akaangalia vidole. "Yaya, ile kitu iko na mwenyewe."

— Nani?

"Nilitia sahihi. Nikifungua kinywa ni tribunali ya basoda. Si mwezi, Yaya. Ni miaka. Na batoto yangu?"

— Na mama yako?

Akatia tonge mu kinywa. Kumbe anajua! Anajua! Muntu mumoja mu Kamina mwenye neno moja ya kuokoa Mama, na muntu yule alinyonya ziwa moja na minyi, na iko anatafuna. Kinachokukula iko mu nguo yako, Baba alisemaka. Nikamunyanganya sahani. "Enda ukule kwa Major!"

Mama, kutoka chumba: "Riziki, umupe mutoto chakula."

Nikamupa. Nilitupa kuliko kupa. Mboga ilifika mupaka ukuta.

Siku ya Mungu, 16 novemba

Ariel iko hospitali. Muganga alisema malaria, alionyesha mupaka karatasi. Nani anasikiliza? Mvua ya novemba, mbu kila fasi, na bo banaangalia juu!

Shefu Mwepu alituita. Aliongea na sukari mu kinywa. Eti Mama Amisa, mama yangu, aende kwanza kwao Kasongo. Juu ya amani tu. Mupaka kazi mbili asubui awe ametoka. Nyuma yake vijana, na mumoja alikuwa na bidon, dumu ya manjano. Hakuwa anaficha. Sikuuliza iko na maji ao petroli.

Kwao Kasongo! Alitoka kule na mukeka na ndoa ya juma moja. Baba iko mu udongo ya hapa. Nikasema: "Shefu, Idi ulikula kwetu, uliomba hata kuongezewa!" Akaangalia viatu yake. Njo dawa yake, kuangalia viatu.

Mama akasema: "Sitoroki. Mwenye kutoroka njo mwenye kosa." Akasimama, akaaga kila muntu na jina yake, vizuri, kama siku ya karamu.

Mama Talitha alinifuata mu njia. Analia. "Nifanye nini, Riziki? Mutoto iko anakufa. Kama basoda bangesema neno moja tu, eti ile ni yao, minyi ningelala." Nilitaka kumupiga. Nilitaka pia kumushika mukono. Sikufanya ile wala ile. Hata hasira yangu banataka kuniibia.

Nikamupigia Yusufu. Hakamati telefone. Nikamupigia tena. Nikamuandikia: "Kazi mbili asubui. Siku ya kuzika mama yako usivae uniforme."

Kazi moja, 17 novemba

Magaribi. Yusufu alifika, nguo ya civil, shati vifungo ya kupishana. Alitia kiti nyuma ya mulango, akakaa. Nilimupikia. Sikutupa.

Nimefunga mulango na ufunguo na nimeficha birika ya Mama nyuma ya gunia ya samaki. Kesho asitoke. Siku moja tu, Mungu atafahamu, Yeye si shefu wa quartier.

Kazi mbili, 18 novemba

Alfajiri. Bantu bako inje. Ninaandika hapa hapa, daftari juu ya gunia.

Taa ilipita. Leo! Ile ile siku! Tuliona siye batatu kwa dirisha, tangi, munara, ikasimama. Avenue yote ilikuwa inje inaangalia. Nilifurahi, wallahi! Nikashika vyuma ya dirisha, nikapiga kelele: "Angalieni! Mama iko ndani! Angalieni, iko hapa, iko amekaa juu ya musala! Ile taa haiko ya Mama!"

Muntu mumoja akajibu, hata hakukasirika, alijibu kama muntu anayefundisha mutoto:

"Mwili tu njo iko ndani."

Utajibu nini? Niambie, Profesa, utajibu nini!

Jiwe ya kwanza ilianguka juu ya manjanja, bati ya nyumba. Shefu anasema mungojee, mungojee. Sauti yake inaenda nyuma, ya vijana inakuya mbele. Nasikia harufu ya petroli ao ni woga yangu.

Yusufu akasimama. "Yaya, fungua. Nitabaambia."

— Utasema nini?

"Yote. Ni ya nani, inatoka wapi, tunairusha sababu gani. Nitaitaja mupaka jina. Fungua."

Siku kumi na ine nilikuwa nalilia ile neno. Sema, Yusufu, sema. Na sasa namuangalia shati yake ya vifungo ya kupishana, na naona batoto yake ine bamesimama kwa mulango ya gereza na sahani.

Mama akasema: "Yusufu, kaa."

"Mama, batakuchoma."

"Nilisema kaa." Sauti ile sijaisikiaka tangu tuko badogo. "Minyi nimekula miaka yangu, na ilikuwa tamu. Weye uko na batoto. Hautafungua ile kinywa mbele yangu. Ukifungua, si mutoto wangu tena."

Muntu muzima, kaporali, akakaa chini juu ya simenti na kulia.

Halafu akasimama tena. Alinyoosha mukono. Haangalii Mama, ananiangalia minyi. "Yaya. Ufunguo."

Na Mama, bila kugeuka, anakunja mikono ya nguo kama kila siku: "Riziki, jua inataka kutoka. Swala itanipita. Unirudishie birika yangu, maji iko inje."

Mulango ni moja. Nikimufungulia Yusufu, Mama naye atatoka. Nikimufungulia Mama, Yusufu atasema. Jiwe ingine. Mama Talitha anaita kwa dirisha, karibu sana, "Riziki, Riziki," na sijui anakuya kutusaidia ao kuhesabia wenzake tuko bangapi.

Ufunguo iko mu mukono yangu ya kushoto. Na hii ya kuume inaandika, inaandika, sababu ikiacha kuandika itafungua.