Farasi Anaitwa Marcellin

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepata kazi ya mdomo! Yolande, yule Mrundi anayeendesha ukumbi wa sinema kule Jeppestown – zamani karakana ya magari – kapita dukani kubadilisha kioo cha simu. Fahad, mwenzangu wa dukani, akaropoka kwamba mimi kule Tanga nilikuwa DJ wa filamu. Nakaa na maiki kwenye kibanda umiza, chumba cha video cha mtaani, natafsiri mkanda mzima peke yangu, sauti za kike na za kiume. Yolande akasahau kioo. Wiki hii anaonyesha filamu zote za bibi mmoja wa Poland, Halina Wrzosek, na bibi mwenyewe yupo mjini. Anataka watu wa Yeoville, mtaa wetu wa wahamiaji, waje. Wakongo, Warundi, sisi Wabongo, kinachotukutanisha ni Kiswahili. Nikamwambia sharp, nimekubali. Kipolandi sijui. Kwani Kichina cha zile za kung fu nilikijua?

Mezani nikamwambia Yasmin. Binti yangu Kiswahili anakielewa chote, kukisema ndiyo hataki. Namuuliza Kiswahili, ananirudishia Kiingereza. Na mama yake wanachapa Kizulu, mimi nabaki mgeni mwenye sahani. Inaniuma, basi tu. Leo akauliza, kwa Kiingereza chake, kama kweli naweza kulia kama mwanamke. Nikalia. Kacheka mpaka maji yakamtoka puani. Atakuja Jumapili, kasema. Sijawahi kuingoja Jumapili hivi!

Jumatano, 10 Septemba

Yolande anataka nizione filamu kabla. Nimekataa. Sisi hatuangalii kabla – ukishajua mwisho, sauti inapoa. Akaguna, akaondoka.

Ijumaa, 12 Septemba

Eish!

Kutoka msikitini moja kwa moja ukumbini. Pamejaa, kinyozi wetu Marcellin kakaa mbele kabisa na suti yake ya kanisani. Taa zikazimwa. Ukungu. Ukungu tena. Farasi mweupe kasimama shambani. Nimeshika maiki, nangoja mtu aseme nitafsiri. Hakuna anayesema! Tufaha linaanguka. Mwanamke yupo dirishani, anatazama nje. Kimya. Sasa DJ akinyamaza si watu watajua kalala?

Kwetu DJ humbandika mcheza filamu jina la mtu wa mtaani, ndiyo utamu wenyewe. Basi farasi nikamwita Marcellin. Nikasema kamtoroka mkewe, na mke ndiye yule wa dirishani, anamvizia arudi. Ukumbi ulilipuka! Marcellin mwenyewe akasimama kujitetea, kwa Kifaransa. Tufaha la pili nikasema karusha mama mkwe. Watu miluzi, watu machozi. Nimerudi nyumbani naelea.

Bibi Halina alikuwa kiti cha nyuma. Nimeambiwa baadaye.

Jumamosi, 13 Septemba

Yolande kanipigia asubuhi: njoo. Bibi nimemkuta kwenye jiko dogo la ukumbi, kadogo, sweta la kijivu, anapuliza chai. Alikuwa keshamuuliza Yolande watu walicheka nini, na keshaelezwa yote, mpaka mama mkwe. Hakukasirika, na hilo ndilo baya. Akasema kwa Kiingereza cha taratibu kwamba yule mwanamke wa dirishani ni mama yake. Baba yake aliondoka na farasi, farasi akarudi peke yake.

Nilitamani nimezwe na ile sakafu. Nusu nilipatia, nusu nilimtukana mama wa mtu.

Ameniomba jambo moja. Kesho, filamu ya mwisho, nisiseme neno. Nikae karibu naye, nitazame. Nimekubali.

Lakini Yasmin! Nimemwambia kesho baba hasemi. Akajibu OK, akarudi kwenye simu yake. Hiyo OK bado inanikwaruza.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika humuhumu ukumbini, kitochi changu nimekibana kwa meno. Umeme umekatika! Saa tisa mchana, mtaa mzima.

Yasmin kaja. Sikutegemea. Kakaa kushoto kwangu, bibi kulia, maiki sakafuni. Na wallahi nimenyamaza. Kwa mara ya kwanza nimetazama filamu badala ya kuikimbiza. Msichana anavuka ziwa la barafu. Ng'ambo kuna kitu kimesimama – baba yake au mti, huwezi kujua. Anatembea tu. Barafu inalia chini yake. Nilisahau kama nina mdomo. Kufika katikati ya ziwa – giza.

Fiacre, fundi wa ukumbi, anahangaika na jenereta nje, linakohoa tu. Watu wameanza: DJ, endelea! Marcellin ndiye anaongoza. Bibi kaniuliza wanataka nini. Nikamweleza, nikamwambia ahadi ni ahadi. Kakunja mikono, kakaa.

Yasmin kanivuta shati. Nikajua sasa anaomba turudi nyumbani.

"Baba," kasema, "yule mtoto anafika?"

Kwa Kiswahili! Tena kile cha Tanga, cha mama yangu, anachokisikia kwenye simu. Moyo umenilipuka paa. Nimeandika haraka nisije nikadhani nimeota.

Mwisho wenyewe siujui. Si sikutazama kabla! Anayeujua ni bibi, naye kanigeukia, ananingoja kama wengine. Ukumbi umetulia. Jenereta nalo limenyamaza.

"Baba, si useme."

Natoa kitochi mdomoni.